MSUGUANO KAZINI: KUBADILISHA BERINGI ZA GURUDUMU LA LAND ROVER YA ZAMANI

Utangulizi

Mtahiniwa, katika mada ya msuguano umekariri kwamba msuguano una faida na hasara, kwamba msuguano wa kubingirika ni mdogo kuliko wa kuteleza, na kwamba vilainishi hupunguza msuguano. Sentensi hizo ni za kweli, lakini anayezikariri tu hukwama swali likigeuzwa kidogo. Katika sehemu hii tutachukua kazi moja ya nyumbani, kubadilisha beringi za gurudumu la mbele la gari la zamani, na kuona jinsi mada tano za fizikia zinavyokutana katika chuma kimoja: msuguano, kanieneo, momenti, mtanuko wa joto na sheria za gesi.

Gari tulilochagua ni Land Rover yenye chesi ndefu, maarufu kwa namba 109. Land Rover ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Toleo la pili lilianza mwaka 1958, na la tatu lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hapa Tanzania gari hili lilitumiwa sana na serikali, polisi, misheni na wafanyabiashara, na mengine bado yanatembea Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Ni gari zuri la kujifunzia kwa sababu sehemu zake zinaonekana na kufunguliwa kwa spana za kawaida.

Mtihani wa Fizikia unaujibu kwa Kiingereza. Hapa tunatumia Kiswahili ili wazo lishike kwanza. Wazo likishika, majina ya Kiingereza utayapanga bila shida.

1. Beringi ni nini?

Beringi ni kifaa kinachowekwa kati ya sehemu inayozunguka na sehemu iliyosimama. Kazi yake ni kubeba mzigo huku ikiruhusu mzunguko wenye msuguano mdogo. Katika gurudumu la mbele la Land Rover, sehemu iliyosimama ni ekseli fupi, na inayozunguka ni habu, yaani kitovu cha chuma kinachofungwa tairi. Kila habu ina beringi mbili, ya ndani na ya nje.

Beringi hizo zina rola zenye umbo la pia, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Kila beringi ina sehemu nne:

(a) Pete ya nje, iitwayo kikombe, ambayo imebanwa ndani ya habu.
(b) Pete ya ndani, iitwayo koni, ambayo hukaa juu ya ekseli.
(c) Rola, zinazobingirika kati ya pete hizo mbili.
(d) Kizimba, kinachozitenganisha rola ili zisigusane.

Kwa nini rola zina umbo la pia? Gurudumu hupokea kani za aina mbili. Uzito wa gari hukandamiza kutoka juu kwenda chini. Gari likikata kona, kani nyingine husukuma kutoka pembeni. Rola iliyolala kwa mshazari hubeba zote mbili. Hati miliki ya beringi ya aina hii ilipewa Henry Timken wa Marekani mwaka 1898. Kabla yake, mwaka 1794, Philip Vaughan wa Wales alipata hati miliki ya kutumia gololi za chuma katika ekseli ya mkokoteni. Mwaka 1907 Sven Wingquist wa Sweden alibuni beringi ya gololi inayojirekebisha yenyewe ekseli ikipinda kidogo. Wote watatu walikuwa wakitatua tatizo moja, nalo ni kugeuza kuteleza kuwa kubingirika.

2. Kuteleza na kubingirika: tofauti yake kwa hesabu

Tuchukue gari lenye tungamo la kilo 2,000 pamoja na mzigo, uzito ukigawanyika sawa kwa magurudumu manne. Kila gurudumu linabeba kilo 500, yaani nyutoni 5,000 (tumia g = 10 N/kg). Nusukipenyo cha ekseli ni mita 0.025.

Hali ya kwanza: hakuna beringi. Chuma kinateleza juu ya chuma chenye grisi, na kizigeu cha msuguano ni 0.1.

Kani ya msuguano = 0.1 × 5,000 = 500 N
Momenti ya msuguano = 500 × 0.025 = 12.5 Nm
Kazi kwa mzunguko mmoja = 2 × 3.14 × 12.5 = 78.5 J

Hali ya pili: kuna beringi nzima ya rola. Kizigeu ni kama 0.002.

Kani ya msuguano = 0.002 × 5,000 = 10 N
Momenti ya msuguano = 10 × 0.025 = 0.25 Nm
Kazi kwa mzunguko mmoja = 2 × 3.14 × 0.25 = 1.57 J

Sasa safiri kutoka Dodoma mjini hadi Kondoa, kama kilomita 160. Tairi la gari hili lina kipenyo cha karibu mita 0.8, hivyo mzingo wake ni mita 2.5 hivi. Gurudumu litazunguka mara 160,000 ÷ 2.5 = 64,000.

Bila beringi: 78.5 × 64,000 = jouli 5,024,000
Kwa beringi: 1.57 × 64,000 = jouli 100,480

Jouli milioni tano zinaweza kupasha karibu lita 16 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 96, ambazo ni karibu na kiwango cha kuchemka cha maji Dodoma, kwa kuwa mji huu uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Joto hilo lote lingezaliwa ndani ya kitovu cha gurudumu moja. Hii ndiyo sababu beringi iliyoharibika huchemka: rola zikikwama haziwezi kubingirika, zinateleza, na gari linarudi kwenye hali ya kwanza.

Zingatia: Ukiulizwa "Kwa nini beringi hupunguza msuguano?" usijibu "kwa sababu ina grisi". Jibu kamili ni kwamba beringi hugeuza msuguano wa kuteleza kuwa wa kubingirika, ambao ni mdogo zaidi. Grisi husaidia kwa kutenganisha nyuso za chuma, kuzuia kutu na kuzuia vumbi.

3. Kwa nini beringi huharibika kwenye uwanda wa kati

Sababu ya kwanza ni vumbi. Udongo mkavu wa Dodoma una chembe ndogo ngumu za mchanga. Chembe zikipita sili na kuchanganyika na grisi, grisi hugeuka kuwa kama msasa unaosaga rola kila mzunguko. Uwanda huu una historia ya kuzitesa mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama tofali, na matrekta mengi, ambayo mengi yalikuwa mitumba iliyofanyiwa ukarabati, yaliharibika. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Mashine hupimwa na ardhi inayofanyia kazi, hata kama ilifaulu kiwandani.

Sababu ya pili ni maji, na hapa watahiniwa wengi hawaoni uhusiano na sheria za gesi. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, makorongo hujaa. Dereva ametembea saa nzima, habu imepata joto. Hewa iliyomo ndani ilitanuka na nyingine ikatoka kupitia sili. Kisha gurudumu linaingia ghafla kwenye maji ya korongo. Habu inapoa na hewa iliyobaki inapungua kanieneo.

Mfano: Hewa ndani ya habu ina nyuzi 80 na kanieneo cha kPa 88, ambacho ni sawa na cha angahewa ya Dodoma. Ikipoa hadi nyuzi 30 bila ujazo kubadilika, kanieneo kitakuwa kiasi gani?

Geuza nyuzi kuwa kelvini: 80 + 273 = 353 K; 30 + 273 = 303 K
Kanieneo kipya = 88 × 303 ÷ 353 = 75.5 kPa
Tofauti = 88 − 75.5 = 12.5 kPa

Tofauti hiyo ni sawa na kanieneo cha maji kwenye kina cha 12,500 ÷ (1,000 × 10) = mita 1.25. Kwa hiyo hata maji yakifika kwenye ekseli tu, sili inasukumwa kana kwamba imezamishwa mita moja na robo. Sili iliyochoka itapitisha maji, grisi itageuka nyeupe kama maziwa, na kutu itaanza. Dereva mwenye busara husimama kwanza, akaacha habu zipoe, ndipo akavuka.

Sababu ya tatu ni fundi mwenyewe: kukaza nati kupita kiasi, au kuiacha imelegea.

4. Dalili

(a) Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na unaobadilika gari linapokata kona.
(b) Habu ya upande mmoja kuwa na joto kuliko ya upande wa pili baada ya safari ileile.
(c) Gurudumu kucheza. Nyanyua gurudumu, shika tairi juu na chini, kisha sukuma na vuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukiisha, tatizo liko kwenye beringi, kwa sababu breki imeshikanisha habu na sehemu iliyosimama. Mchezo ukibaki, angalia pini za usukani zinazobeba ekseli.

Jaribio hilo la breki ni mfano mzuri wa njia ya kisayansi, kwani unabadilisha kitu kimoja tu, huku vingine vikibaki vilevile, ndipo unatoa hitimisho.

5. Usalama kabla ya spana

Sehemu hii haina maksi nyingi katika mtihani, lakini ndiyo inayoamua kama utaumaliza mwaka ukiwa na vidole kumi. Kazi ifanyike pamoja na fundi au mtu mzima anayeijua.

Kwanza, breki ya mkono ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu huruhusu gurudumu hilo lizunguke huku lililoko chini nalo likizunguka, na gari linaweza kutembea japo breki imevutwa. Kwa hiyo weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, iwe unafanya kazi mbele au nyuma.

Pili, jeki hunyanyua tu, haishikilii. Baada ya kunyanyua, weka stendi ya chuma chini ya ekseli. Usiweke matofali ya kuchoma wala ya saruji, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo.

Tatu, ardhi laini humeza jeki. Kani ya nyutoni 5,000 kwenye kitako cha jeki chenye eneo la mita mraba 0.01 hutoa kanieneo cha paskali 500,000. Ukiweka ubao mgumu wenye eneo la mita mraba 0.1, kanieneo hushuka hadi paskali 50,000. Kani ni ileile. Eneo limeongezeka mara kumi, kanieneo kimepungua mara kumi.

Nne, vumbi ndani ya dramu ya breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi, ambayo hudhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji na ulipanguse kwa kitambaa utakachokifunga na kukitupa.

6. Hatua za kazi

Vifaa: jeki, stendi, spana ya tairi, spana kubwa ya nati ya habu, seti ya spana, nyundo, fimbo ya shaba, koleo, chombo cha kuoshea, mafuta ya taa, vitambaa safi, grisi ya beringi, beringi mpya mbili pamoja na vikombe vyake, sili mpya na washa mpya ya kufungia.

Hatua ya 1. Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Msuguano kati ya tairi na ardhi utalizuia gurudumu lisizunguke. Nati ikihitaji momenti ya Nm 120, spana ya mita 0.4 itahitaji kani ya N 300. Ukirefusha mpini hadi mita 0.8, N 150 zinatosha.

Hatua ya 2. Nyanyua gari, weka stendi, toa tairi. Toa dramu ya breki. Ikigoma, legeza kirekebishi cha breki ili viatu vya breki virudi ndani.

Hatua ya 3. Toa kifuniko cha katikati, kisha pini na nati iliyo kwenye ncha ya shafti. Fungua bolti za flanji inayounganisha shafti na habu, uitoe flanji.

Hatua ya 4. Utaona nati mbili kubwa zenye washa ya kufungia katikati yake. Nyoosha sehemu ya washa iliyokunjwa, toa nati ya nje, washa, nati ya ndani, na washa ya mwisho. Vipange kwenye kitambaa kwa mpangilio ulivyovitoa.

Hatua ya 5. Vuta habu taratibu huku kidole gumba kikizuia beringi ya nje isidondoke mchangani. Geuza habu, ng'oa sili ya zamani, toa beringi ya ndani.

Hatua ya 6. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Usitumie petroli, mvuke wake huwaka hata kwa cheche ndogo. Kausha kwa kitambaa safi. Usiizungushe beringi kwa upepo wa kompresa, kwa sababu inaweza kufikia kasi kubwa na kurusha rola.

Hatua ya 7. Kagua. Vishimo vidogo kwenye rola ni uchovu wa chuma. Mikwaruzo ni vumbi. Madoa mekundu ni maji. Rangi ya bluu au kahawia ni joto kali, mara nyingi kutokana na kukazwa mno au kukosa grisi. Ukijua sababu, utairekebisha. Ukibadilisha beringi bila kuondoa sababu, mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Angalia pia sehemu ya ekseli ambayo mdomo wa sili husugua. Ikiwa na mfereji, sili mpya nayo itavujisha.

Hatua ya 8. Toa vikombe vya zamani kwa kugonga kutoka upande wa pili kwa fimbo ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma cha beringi, hivyo haitakwaruza habu. Gonga upande huu, kisha upande mkabala, ili kikombe kitoke sawasawa. Kikombe na koni hubadilishwa pamoja, kwa kuwa koni mpya kwenye kikombe kilichochakaa haitadumu.

Hatua ya 9. Ingiza vikombe vipya. Hapa mtanuko wa joto ni msaidizi wako. Weka vikombe kwenye friza usiku kucha, vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na habu iache juani.

Mfano: Kikombe chenye kipenyo cha mm 70 kinapoa kutoka nyuzi 25 hadi −15. Kizigeu cha mtanuko wa chuma ni 0.000012 kwa kila nyuzi.
Kupungua = 70 × 0.000012 × 40 = mm 0.034
Habu ikipata joto la nyuzi 55 juani, tundu lake linatanuka 70 × 0.000012 × 30 = mm 0.025
Jumla ya nafasi iliyopatikana ni karibu mm 0.06.

Ni unene wa unywele hivi, lakini unatosha kukifanya kikombe kiingie kwa kugongwa kidogo badala ya kupigwa kwa nguvu. Hakikisha kimefika mwisho. Mlio wa nyundo hubadilika kikifika.

Hatua ya 10. Jaza grisi. Weka bonge kiganjani, bonyeza ukingo mnene wa beringi juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya rola. Zungusha, rudia pande zote. Paka vikombe. Ndani ya habu usijaze mpaka pomoni. Grisi ikizidi hukorogwa, hupata joto na kusukuma sili.

Hatua ya 11. Weka beringi ya ndani, kisha sili mpya. Mdomo wake wenye springi utazame ndani, upande wa grisi. Paka mdomo grisi kidogo ili usianze kusugua ukiwa mkavu.

Hatua ya 12. Rudisha habu, beringi ya nje, washa na nati ya ndani. Kaza nati huku ukiizungusha habu kwa mkono ili rola zikae mahali pake. Ukisikia uzito, rudisha nati nyuma kidogo mpaka habu izunguke kwa wepesi na kubaki na mchezo mdogo sana, wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha gari husika. Weka washa mpya ya kufungia, kaza nati ya nje, kisha pima tena, kwa sababu nati ya nje husukuma ya ndani. Ukiridhika, kunja washa kwenye nati.

Hatua ya 13. Rudisha flanji, pini, kifuniko, dramu na tairi. Rekebisha breki. Endesha kilomita 10 polepole, simama, sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa kwanza. Linganisha na ya upande wa pili. Pima mchezo tena siku inayofuata.

7. Swali linalotenganisha anayeelewa na anayekariri

Kwa nini tusikaze nati kabisa ili gurudumu lisicheze hata kidogo?

Nati ikikazwa mno, rola hubanwa kati ya kikombe na koni. Kani ya kubana inaongezeka, kwa hiyo msuguano unaongezeka. Msuguano huzaa joto, na joto hutanua vipande vya chuma. Kama hakuna nafasi ya kutanukia, vinabanana zaidi. Msuguano unaongezeka tena, na joto tena. Grisi inayeyuka na kutoka. Mwisho rola zinakwama na koni inaanza kuzunguka juu ya ekseli, ikiisaga.

Nati ikilegea mno, gurudumu linapiga kila shimo la barabara. Rola chache tu ndizo zinabeba mzigo wote, uso wa chuma unavunjika vipandevipande, sili inachakaa upande mmoja na kupitisha vumbi. Katika hali zote mbili, mwisho wake ni gurudumu kukwama au kutoka gari likiwa na abiria barabarani. Nafasi ndogo ile ni mpaka kati ya hatari mbili, na washa iliyokunjwa ndiyo inayoulinda mpaka huo usihame.

8. Msuguano ni rafiki au adui?

Gurudumu hilihili moja linakupa jibu lenye mifano yote.

Unapohitajika: kati ya tairi na barabara, ili gari lisogee na lisiteleze, kati ya viatu vya breki na dramu, ili gari lisimame, kati ya nyuzi za nati na bolti, ili zisifunguke.

Usipohitajika: kati ya rola na pete zake, kati ya mdomo wa sili na ekseli.

Njia za kuupunguza: kutumia rola au gololi, kutumia grisi au oili, kulainisha nyuso, na kuzuia uchafu.

9. Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini fundi hulegeza nati za tairi kabla ya kunyanyua gari.
2. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.5 linasafiri kilomita 50. Litazunguka mara ngapi? Ikiwa kazi ya kushinda msuguano ni J 1.57 kwa kila mzunguko, tafuta jumla ya kazi.
3. Hewa katika habu ina nyuzi 67 na kanieneo cha kPa 85. Tafuta kanieneo chake ikipoa hadi nyuzi 27 bila ujazo kubadilika. Taja athari moja kwa beringi iwapo gurudumu limo ndani ya maji.
4. Kwa nini fimbo ya shaba hutumika kugonga kikombe badala ya fimbo ya chuma kigumu?
5. Mwanafunzi anasema, "Grisi nyingi zaidi, msuguano mdogo zaidi." Toa maoni yako.

Majibu kwa ufupi

1. Gari likiwa chini, msuguano kati ya tairi na ardhi huzuia gurudumu lisizunguke, hivyo momenti yote inaishia kwenye nati. Pia gari halitikiswi likiwa juu ya jeki.
2. 50,000 ÷ 2.5 = mizunguko 20,000. Kazi = 1.57 × 20,000 = J 31,400.
3. 85 × 300 ÷ 340 = kPa 75. Kanieneo cha nje ni kikubwa kuliko cha ndani, hivyo maji husukumwa kupita sili, huharibu grisi na kuleta kutu.
4. Shaba ni laini kuliko chuma cha beringi na cha habu, hivyo haikwaruzi nyuso zinazotakiwa kubaki laini.
5. Si sahihi. Grisi ya kutosha hutenganisha nyuso, lakini ikizidi hukorogwa na rola, huongeza ukinzani na joto, na inaweza kusukuma sili nje.

Ukikosa swali la tatu, rudia sehemu ya 3 na uangalie kama uligeuza nyuzi kuwa kelvini. Kosa hilo ndilo linalopoteza maksi nyingi katika hesabu za gesi, na hurekebishwa kwa kuandika mstari mmoja tu kabla ya kuanza kukokotoa.